Crooks Hakuwa Mpweke, Alitengwa

Katika uhakiki wa riwaya fupi ya John Steinbeck iitwayo Of Mice and Men, iliyochapishwa mwaka 1937, yapo maoni yaliyozoeleka mno hata yakawa yanasomwa kana kwamba ni sehemu ya riwaya yenyewe, nayo ni kwamba kitabu hicho kinahusu upweke wa binadamu, na kwamba Crooks, mtunza farasi Mweusi anayelala peke yake ubavuni mwa banda, ni mmoja tu katika kundi la wapweke linalowajumuisha Candy, mzee aliyepoteza mkono kazini, mke wa Curley, mwana wa tajiri wa shamba, mwanamke ambaye mwandishi hakumpa hata jina, na vibarua wanaohama shamba hadi shamba na mablanketi yao mgongoni. Miongozo ya wanafunzi huwapanga wahusika hawa katika safu moja na kumgawia kila mmoja sababu yake ya upweke: huyu uzee, yule jinsia, na Crooks rangi ya ngozi. Hata Soledad, mji wa California ulio jirani na shamba hilo, huitwa kutoa ushahidi, kwa kuwa jina lake kwa Kihispania lina maana ya upweke. Maoni haya hufundishika kwa urahisi na yamejaa huruma, lakini yana kosa katika msingi wake, kwa sababu yanaita hali kile ambacho riwaya inakionyesha kuwa ni kitendo.

Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kulipambanua kosa hilo. Upweke ni hali ya mtu kuwa peke yake, au kujiona hivyo hata akiwa katikati ya watu, na hali hiyo inaweza kumfika bila mkono wa mtu mwingine. Ukiwa ni ule upweke unaofuata msiba au kuachwa, ndiyo maana aliyeondokewa na watu wake huitwa mkiwa. Kutengwa ni jambo la aina nyingine kabisa: kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, na palipo na mtendwa hapakosi mtenda, hata kama sentensi haikumtaja, kwa hiyo msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani aliyetenga, alitumia nini na alipata faida gani. Anayesema kwamba Crooks ni mpweke amemaliza kazi yake. Anayesema kwamba ametengwa ndiyo kwanza anaianza. Makala haya yanashikilia kwamba sura ya nne ya riwaya, ambayo yote inatendeka chumbani mwa Crooks usiku wa Jumamosi, ni maelezo, yaliyoandikwa kwa jicho la karibu sana, ya namna utengano wa rangi unavyoendeshwa siku hadi siku, na kwamba kuisoma kama tafakuri juu ya hali ya wanadamu wote ni kumpokonya Crooks hata lile shtaka alilokuwa nalo.

Inafaa kuanzia mahali anapoanzia Steinbeck, yaani kwenye vitu. Crooks hakupewa chumba cha mtu. Amepewa chumba cha matandiko ya farasi, kibanda kilichoegemezwa ukutani mwa banda, chenye dirisha la vioo vinne upande mmoja na, upande wa pili, mlango mwembamba wa mbao unaofungukia ndani ya banda lenyewe. Kitanda chake ni sanduku refu lililojazwa majani makavu na kutupiwa mablanketi juu. Kwenye vigingi vya ukutani zimetundikwa hatamu zilizokatika zinazongoja kushonwa, na chini ya dirisha lipo benchi la kazi lenye visu vilivyopinda, sindano, mabunda ya uzi wa kitani na mashine ndogo ya mkono ya kupigia ribiti. Kola ya farasi iliyopasuka inatoa nje nywele zilizoshindiliwa ndani yake. Juu ya kitanda limepigiliwa sanduku la matufaha linalotumika kama rafu, na humo chupa za dawa zimechanganyika, zake na za farasi. Mwanafunzi akiulizwa chumba hiki kinaonyesha nini hujibu alivyofundishwa, kwamba kinaonyesha upweke, ilhali kinachoonekana kwanza humo ni kazi. Ni karakana ambamo fundi amehifadhiwa pamoja na zana, na rafu ile ya dawa inasema waziwazi jinsi shamba linavyomhesabu, kuwa yumo katika daftari moja na wanyama anaowatunza. Wala hakuwekwa huko kwa kusahauliwa. Amewekwa hatua chache kutoka kwenye kazi yake na mbali kabisa na meza ya karata.

Mpaka wenyewe umepimwa kwa uangalifu. Mchana Crooks hucheza na wenzake uwanjani ule mchezo wa kurusha vyuma vya kwato za farasi kwenye kigingi, na vibarua wenyewe wanakiri kwamba ni hodari hata hawaachii nafasi ya kushinda. Giza likiingia, wao hurudi bwenini kwenye karata, naye hurudi kwenye vitabu vyake, kwa sababu, kama anavyomweleza Lennie, kibarua mpya wa Kizungu, wanadai kwamba ananuka, dai analolijibu kwa kusema kwamba hata yeye anawaona wao wananuka. Mwili Mweusi, basi, umeruhusiwa kuwapo penye jua, penye kazi na penye mchezo, lakini umezuiwa penye kitanda, penye meza na penye maongezi ya usiku, yaani mahali ambapo watu waliokutana kwa ajira hugeuka kuwa wenzi. Waliokulia katika miji iliyogawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini hawahitaji kuelezwa zaidi kwamba mgawanyo wa aina hiyo haumkatazi mtu kuonekana upande wa pili. Unamkatazia kulala huko. Ipo Krismasi moja ambayo Candy anaisimulia kwa furaha: tajiri alileta galoni ya wiski, na usiku huo Crooks akaruhusiwa kuingia bwenini, kibarua mmoja akamvaa wapigane, na wenzake wakamkataza kibarua huyo asitumie miguu kwa kuwa mgongo wa Crooks ni mbovu. Candy anauona huo kuwa uungwana. Hata hivyo, msomaji akiurudia ukurasa huo ataona kwamba mara hiyo moja Crooks anapotajwa kuwa alikaribishwa ndani, alikaribishwa awe burudani ya usiku.

Kwa kulipima jambo hili, adabu ya hodi, ambayo mgeni huipiga kizingitini na kurudi zake asipoitikiwa, inafaa kuliko neno upweke. Crooks akiwa na ujumbe kwa Slim, kiongozi wa waendesha nyumbu (chotara wa punda na farasi), anafungua mlango wa bweni polepole na kuingiza kichwa tu, anamwita kwa kutanguliza neno la heshima ambalo yeye mwenyewe hapewi na yeyote, anasema kwamba lami ya kutibia kwato imepata moto, na mwili wake wote uliosalia unabaki nje. Mlango wake yeye una historia nyingine. Lennie anavutwa na mwanga wa taa na kusimama hapo akitabasamu kama mtoto. Candy, aliyekaa naye shamba moja muda mrefu, anaingia kwa haya na kukiri kwamba hajawahi kukanyaga humo. Mke wa Curley anatokea bila kuuliza na anakataa kuondoka anapoambiwa. Inasahaulika pia kwamba Candy anapoingia, mwandishi anasema Crooks alipata taabu kuificha furaha yake nyuma ya hasira. Mtu wa namna hiyo hakuwa na maradhi ya kukosa hamu ya watu. Alikosa mamlaka ya mlango, akishindwa kuupita ule wa wenzake na kuushika ule wa kwake.

Hapa ndipo wahakiki wanaomlaumu Crooks hutia nanga, kwa kuwa msimulizi anasema kwamba mtunza farasi huyu ni mtu wa fahari, anayejiweka mbali na kudai kwamba wengine nao wakae mbali naye. Kutokana na sentensi hiyo moja imejengwa nadharia nzima ya upweke wa kujitakia, ambayo kwayo Crooks amejifungia mwenyewe na kuufanya uchungu kuwa makazi. Nadharia hiyo inageuza mfuatano wa mambo juu chini. Neno la kwanza analomkabili nalo Lennie mlangoni ni neno la haki: Lennie hana haki ya kuingia katika chumba chake, kama yeye asivyotakiwa katika chumba chao. Hiyo ni hoja ya usawa, tena ndiyo hoja pekee ya usawa iliyobaki mikononi mwa mtu aliyenyimwa usawa wa aina nyingine zote, kwa kuwa asiyeweza kudai kuingia anaweza angalau kudai kwamba katazo liende pande zote mbili.

Wala si ajabu kwamba anazungumza kwa lugha ya haki, maana miongoni mwa vitu vyake, pamoja na viatu, saa kubwa ya kengele, bunduki ya marisau na miwani ya fremu za dhahabu inayoning'inia kwenye msumari, mwandishi ametaja kamusi iliyochakaa na nakala iliyopondeka ya sheria za madai za jimbo la California za mwaka 1905. Sheria za madai ni zile zinazosimamia uhusiano wa mtu na mtu, kama mikataba, mali, ndoa na fidia, na wahakiki wengi hukipita kitabu hiki kwa kusema tu kwamba kinaonyesha Crooks ni msomi. Wangekifungua wangekuta mambo. Kifungu cha 51, kilichoingizwa katika mkusanyo huo mwaka huohuo wa 1905 kutokana na sheria ya 1897, kiliwahakikishia raia wote haki kamili na sawa ya kuhudumiwa katika nyumba za wageni, mikahawa, vinyozi, mabafu, majumba ya maonyesho na mahali pengine pa umma. Kifungu cha 60, hatua chache mbele, kilibatilisha ndoa kati ya Mzungu na Mtu Mweusi, na mwaka huohuo wa 1905 kikapanuliwa ili kiwakamate pia watu wa Asia ya Mashariki, waliokuwa wakiitwa Wamongolia. Kiliendelea kutumika hadi 1948, Mahakama ya Juu ya California ilipoamua kwamba kinapingana na katiba. Steinbeck hasemi Crooks alisoma kurasa zipi, lakini amesema kwamba kitabu kimechakaa, na kitabu hakichakai kwa kutazamwa jalada. Ndani yake jimbo lilimwahidi kiti katika mkahawa na papo hapo likamwekea mpaka katika ndoa. Bweni la shamba la mtu binafsi halikuwa mkahawa wala mahali pa umma, kwa hiyo ahadi ya kifungu cha 51 iliishia langoni mwa shamba.

Kuhusu ukatili wake kwa Lennie, ambao pia huelezwa kwamba ni matunda ya upweke uliomharibu tabia, pana haja ya kusema mambo mawili bila kuupamba ukatili wenyewe. Crooks anapomwuliza Lennie ingekuwaje kama George, mwenzi wake wa safari, hangerudi kutoka mjini, na kuendelea kulitonesha donda hilo huku akiona hofu ikipanda usoni mwa mtu mwenye akili ya mtoto, anatenda uovu, na furaha anayoipata ni ya kuaibisha. Lakini swali lenyewe lina kazi nyingine: ni jaribio la kumfanya Mzungu mmoja, kwa dakika chache, akae katika kiti ambacho Crooks amekikalia miaka yote. Jaribio linashindwa kwa namna inayofundisha mengi. Lennie, badala ya kuielewa hali hiyo, anainuka na kumsogelea kwa vitisho, akitaka kujua ni nani anayetaka kumdhuru George, na Crooks inambidi arudi nyuma haraka na kumtuliza. Ina maana kwamba hata mtu aliye chini kabisa kwa akili katika shamba lile, akiwa Mzungu mwenye nguvu, anaweza kumrudisha Crooks mahali pake ndani ya chumba chake mwenyewe.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili, isiyofaa kupitwa kando, ni kwamba Crooks mwenyewe ndiye anayesema kuwa mtu yeyote anahitaji mwenzi, na kwamba asiyekuwa na wa kumsemesha huharibikiwa akili na hata kuugua. Watetezi wa maoni yaliyozoeleka husema kwamba hapo riwaya imetangaza dhamira yake kwa kinywa cha Crooks, na kwamba dhamira hiyo ni ya watu wote. Ni kweli kwamba maneno yamesemwa kwa umbo la jumla. Hata hivyo, inafaa kuangalia jinsi yanavyofika kwenye ujumla huo. Crooks anaanza na jambo mahususi kabisa, akimtaka Lennie afikiri kwamba hakuweza kuingia bwenini na kucheza karata kwa kuwa yeye ni Mweusi, kwamba aliruhusiwa kurusha vyuma hadi giza tu, halafu akalazimika kusoma vitabu ambavyo, kwa maoni yake, havifai kitu mbele ya mtu wa kuzungumza naye. Ni baada ya hapo ndipo anaachana na habari za rangi na kuzungumza juu ya mtu yeyote. Na dakika chache kabla alikwisha kumwambia Lennie kwamba huyo ni Mtu Mweusi tu anayesema, tena aliyevunjika mgongo, kwa hiyo maneno yake hayana uzito na hayatakumbukwa. Mtu anayejua kwamba kilio chake kikitajwa kwa jina lake hakisikilizwi hulazimika kukivika jina la watu wote. Wahakiki wameliokota vazi na kumwacha aliyelivaa.

Wapo pia wanaosema, kwa upole zaidi, kwamba Crooks alikuwa peke yake kwa sababu ya hesabu tu: Watu Weusi walikuwa wachache California. Hesabu ni ya kweli, kwani sensa ya 1930 iliwakuta takriban 81,000 katika jimbo la watu zaidi ya milioni 5.6, na karibu nusu yao waliishi mjini Los Angeles, mbali na bonde la Salinas. Crooks mwenyewe anasema kwamba utotoni familia yao ilikuwa peke yake maili nyingi, na kwamba sasa shamba zima halina Mweusi mwingine na Soledad ina familia moja. Lakini uchache haufungi mlango wa bweni. Shamba lile lilikuwa na watu wa kutosha wa kuzungumza naye kila jioni, na waliokuwa wakicheza naye saa kumi na moja hawakuhama saa moja usiku. Zaidi ya hayo, masimulizi yake ya utotoni yana jambo linalowapita wengi. Baba yake alikuwa na shamba la kuku la ekari zipatazo kumi, lenye kuku weupe, stroberi na majani ya alfalfa ya mifugo, na watoto wa Kizungu walikuwa wakija kucheza huko, jambo ambalo baba hakulipenda na mtoto hakuelewa kwa nini hadi alipokuwa mtu mzima. Ekari kumi ndiyo idadi ileile ya shamba analoliota George. Kile ambacho vibarua wa Kizungu wanakisimuliana kila usiku kama ndoto, Crooks alikulia ndani yake, na sasa analala kwenye sanduku la majani akishona hatamu za mtu mwingine. Riwaya haisemi ekari zile zilipotea vipi, lakini mwenye kulala kitanda kimoja na ndugu zake wawili, kama anavyokumbuka, hakuzaliwa mpweke.

Kulinganisha kwa haraka na wapweke wengine kunatosha kuivunja ile safu ya miongozo. Candy alikatika mkono akiwa kazini shambani humo, akalipwa dola 250 na kupewa kazi nyepesi ya kufagia; Crooks alipigwa teke na farasi wa shamba, uti wa mgongo ukapinda, na riwaya haitaji fidia yoyote isipokuwa jina, kwa kuwa Crooks ni lakabu inayotokana na kupinda huko, kama mtu aitwavyo Kibiongo mbele ya uso wake hadi jina alilopewa na wazazi likasahaulika. Candy anapotaka kuingia katika mpango wa shamba la George anaweka mezani dola 350. Crooks, aliyeanza kwa kuwacheka kwa vile amewaona mamia ya vibarua wakipita na ardhi hiyohiyo vichwani mwao, anapolainika hana cha kuweka ila mikono yake, anajitolea kufanya kazi bila ujira, kwa chakula tu. Mpweke anayeota pamoja na wenzake huomba nafasi ya mwenzi, lakini huyu, hata ndotoni, ameomba nafasi ya mtumishi.

Mke wa Curley ndiye anayeondoa shaka iliyobaki. Naye ametengwa kwa namna yake, na hakuna sababu ya kumnyima huruma: hana wa kumsemesha, mumewe ni mgomvi, na vibarua wanamwepuka kama mtego. Lakini usiku ule, Crooks anaposimama na kumwambia kwamba hana haki ya kuwa katika chumba cha Mtu Mweusi, na kwamba ataomba kwa tajiri asiruhusiwe tena bandani, mwanamke huyu anamgeukia na kumkumbusha kwamba anaweza kumfanya anyongwe mtini, kwa urahisi ambao hata haumpi raha. Hakuna upweke unaokutana na upweke hapo. Mmoja ameshika kamba, na mwingine ana shingo. Mwaka 1931 huko Scottsboro, Alabama, vijana tisa Weusi walishtakiwa kwa neno la wanawake wawili wa Kizungu, na katika muda wa wiki chache wanane wakahukumiwa kifo. Mmoja wa wanawake hao alikana ushahidi wake mwaka 1933, na hilo halikuwafungulia milango ya jela. Wala msomaji asidhani kwamba kamba ilikuwa ya kusini peke yake. Novemba 1933 huko San Jose, kaskazini mwa Salinas, umati uliwatoa jela watuhumiwa wawili, Wazungu wote, ukawanyonga katika bustani ya mji, na gavana wa California, James Rolph, akausifu hadharani. Katika jimbo ambalo Mzungu angeweza kunyongwa hivyo na gavana akashangilia, mtunza farasi Mweusi hakuhitaji maelezo marefu. Ndiyo maana Candy anaposema kwamba wao watashuhudia ukweli, jibu la mwanamke ni kwamba hakuna atakayewasikiliza, na Candy analegea na kukubali kwamba ni kweli.

Kinachofuata, yaani Crooks kujikunja hadi akawa kama hayupo, sauti bila rangi na uso usiosema kitu, mara nyingi huandikwa kwamba ni kurudi kwake katika upweke wake. Usahihi zaidi ni kusema kwamba amejificha mahali pasipo na pa kujificha. Na anapomwita Candy baadaye kumwambia asahau lile ombi la kulima katika shamba lao, kwamba alikuwa akifanya mzaha, hakuna dalili kwamba hamu imekufa. Ameuona upya ukubwa wa gharama yake. George naye alikuwa amekwisha kuongeza lake. Alipotokea mlangoni na kuwakuta wenzake humo, la kwanza lilikuwa kuwaambia kwamba haikufaa wawe katika chumba cha Crooks, na Crooks akajibu kwamba aliwaambia hivyo wakaingia hata hivyo, naye hakuona ubaya. Huyu ni George, mtu mwema kuliko karibu wote katika kitabu, asiye na chuki, anayerudia kanuni ya shamba kama mtu anayefunga lango lililoachwa wazi. Utengano hauhitaji waovu wengi, unahitaji watu wema wanaojua mahali pa kila mtu.

Steinbeck mwenyewe ana sehemu ya lawama kwa usomaji huu potofu. Alizaliwa Salinas mwaka 1902, alifanya kazi katika mashamba ya huko alipokuwa kijana, na aliyaona aliyoyaandika. Lakini kwanza alikusudia kukiita kitabu chake Something That Happened, yaani jambo lililotokea, na jina hilo linaonyesha mwelekeo wake wa kusimulia bila kumtafuta mkosaji. Mambo hutokea, mvua hunyesha, watu huwa wapweke. Kwa msimamo huo aliweza kuandika chumba kile kwa uaminifu mkubwa, kisha akashindwa kumpa aliyeishi humo tendo lolote ila kuchua mgongo wake kwa dawa, mwanzo wa sura na mwisho wake. Jicho lake lilikuwa na haki kuliko nadharia yake, na mhakiki mzuri hulifuata jicho.

Jumapili iliyofuata, maiti ya mke wa Curley, aliyeuawa na Lennie, ilipokutwa bandani, katika jengo lilelile ambalo mlango mwembamba wa Crooks unafungukia, wanaume walijazana kuitazama, na mwandishi akamweka Crooks nyuma, mahali asipoweza kutupiwa jicho. Carlson, kibarua mwingine, alikimbilia bastola yake akaikosa. Curley akakumbuka kwamba mtunza farasi ana bunduki ya marisau, akamwamuru Carlson aichukue, bila kumtaja mwenyewe kwa jina ila kwa tusi la rangi yake. Hakuna aliyemwomba ruhusa wala aliyesema itarudishwa, na katika kurasa zilizobaki Crooks hatajwi tena.